Nilipima Chumbani, Runinga Iko Sebuleni

Niseme jambo lenyewe kwanza, maelezo yatafuata. Nilimtuhumu mpangaji wangu kwamba anatuibia intaneti, nikamfungia, nikamsema mbele ya wapangaji wenzake, na hakuwa ameiba chochote. Amekwisha hama. Runinga yangu ilikuwa inakwama kabla sijamfungia, ikakwama nilipomfungia, ikaendelea kukwama alipohama, kwa sababu ambayo fundi aliniambia siku ya kwanza kabisa nikamkatalia.

Siwezi kujitetea kwamba mambo haya ni mageni kwangu. Kazini mimi ni mhasibu, lakini kwenye ukoo ndimi ninayepigiwa simu printa ikigoma, king'amuzi kikidai malipo yaliyokwisha lipwa, au shangazi akishindwa kuingia kwenye WhatsApp yake. Ndugu wananiita injinia, na sikuwahi kumsahihisha hata mmoja. Ukishazoea kuitwa injinia, kutamka "sijui, ngoja kwanza nipime" kunakuwa kazi ngumu. Mimi sikuitamka. Kila ndugu aliyelalamika kwamba runinga yake inakwama nilimpa jibu moja: ongeza kifurushi. Dada yangu wa Morogoro aliongeza. Shemeji yangu wa Kigamboni aliongeza. Hawakunirudia kulalamika, nikadhani wamepona.

Nyumba yetu iko Tabata, Dar es Salaam, nyumba ya kawaida ya mtaani: mbele tunaishi sisi, uani kuna vyumba vya wapangaji. Tulipovuta faiba, mpangaji mmoja, kijana anayesoma chuo, aliniomba tuchangie. "Mzee, kila mwezi nitatoa sehemu yangu, mimi ni mambo ya masomo tu." Nikampa nywila. Mchango wake uliingia kwenye simu yangu kila mwezi bila kukumbushwa, sifa ambayo siwezi kuwapa wapangaji wangu wote kwa upande wa kodi.

Fundi aliyeleta faiba aliingiza waya kwenye dirisha la chumbani kwetu, maana ndilo lililo karibu na nguzo. Kabla hajafunga ruta alinigeukia. "Mzee wangu, ikikaa hapa, sebuleni itafika kwa taabu. Niruhusu nitoboe huu ukuta na ule wa korido, nikuvutie waya mpaka nyuma ya TV." Rangi ya korido ilikuwa mpya, bado inanukia. Nikamwambia mimi nimenunua waifai, na maana ya waifai ni kutokuwa na waya. Hakubishana. Aliweka ruta juu ya kabati la nguo, kabati la chuma, akapima kwa simu yake akiwa amesimama pale pale, namba ikasoma vizuri, nikatia sahihi, akaondoka.

Filamu zilikwenda. Kilichotutesa ni mpira. Kuanzia saa mbili usiku, timu zikishaingia uwanjani, picha ilianza kuingia ukungu, wachezaji wakawa hawana nyuso, kisha kila kitu kikasimama na kile kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya kioo. Siku ya mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga, sebule imejaa wageni, kelele za goli zilitufikia kutoka banda umiza la mtaa wa pili wakati kwetu kona haijapigwa. Aibu ya kuwa mwenyeji wa namna hiyo anaijua aliyewahi kuwakaribisha watu na soda zao.

Hapa nina kosa la kwanza la akili, na naomba nilieleze vizuri kwa sababu ndani yake kuna mambo mawili niliyoyachanganya kuwa moja. Kuchelewa kwa goli si kukwama. Mechi inayopita kwenye intaneti hukatwakatwa vipande vya sekunde chache, vikapangwa, vikatumwa, na runinga husubiri iwe na vipande kadhaa mkononi kabla ya kuanza kuonyesha. Kwa hiyo hata kwenye nyumba yenye intaneti safi kabisa, picha hubaki nyuma ya uwanja kwa sekunde nyingi, mara nyingine nusu dakika, na jirani mwenye dishi atashangilia kabla yako. Hilo halina dawa ya nyumbani. Nilipiga simu nyingi kulalamikia kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Kukwama ni jambo jingine. Runinga haionyeshi kile kinachoingia sasa hivi. Inaonyesha kilichokwisha wekwa akiba. Mkazi wa Dar ataelewa upesi: maji ya kuogea hayatoki bombani, yanatoka kwenye simtanki, na bomba likikatika asubuhi mtu anaoga bila habari. Kiduara kinatokea pale akiba inapokwisha kabla vipande vipya havijafika. Filamu ya mwaka juzi ipo yote, kwa hiyo runinga inaweza kujaza akiba ndefu na kuvumilia mawimbi yanapoyumba kidogo. Mechi ya moja kwa moja haina ukarimu huo. Huwezi kuweka akiba ya dakika ambayo haijachezwa. Akiba yake ni ya sekunde chache tu, na kila mtetemo wa waifai unaonekana kwenye kioo. Ndiyo maana filamu zilipita na mpira ukakwama, katika nyumba ile ile, kwa ruta ile ile. Mtu mwenye akili tulivu angeanzia hapo. Mimi nilianzia kwa kampuni.

Nilinunua kifurushi kikubwa zaidi. Tulikuwa na megabiti 20 kwa sekunde, nikapanda hadi 40. Mahitaji yenyewe nilikuwa sijayasoma, ingawa si siri: Netflix, kwa mfano, inashauri megabiti 3 kwa picha ya 720p, 5 kwa 1080p, na 15 kwa ile kali ya 4K. Runinga moja ya sebuleni ilikuwa imetosheka zamani. Nilikuwa naongeza pesa juu ya kitu ambacho hakikupungua.

Mbaya zaidi, baada ya kupanda nilipakua faili kubwa kwenye kompyuta nikaona kasi inasoma 5. Nimelipa 40, napewa 5! Nikapiga huduma kwa wateja nikiwa nimejaa, na binti aliyepokea akaniacha nimalize yote. Kisha akasema, "Baba, sisi tunauza kwa megabiti. Kompyuta yako inahesabu kwa megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti 8." Arobaini gawanya kwa nane. Mimi, mhasibu, nilifundishwa kugawanya kwa simu na mtoto ambaye ningeweza kumzaa. Nilimshukuru kwa sauti ya mtu anayetafuta kosa jingine.

Kosa jingine nilikuwa nalo tayari, tena kubwa, chini ya bahari. Mei 12, 2024, siku ya Jumapili, mikongo miwili inayopita pwani yetu, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu huko kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, na ilitokea wakati ambapo mikongo mingine ilikuwa imekwisha kukatika katika Bahari ya Shamu mwanzoni mwa mwaka ule ule. Kwa siku zile kweli tatizo lilikuwa nje ya nyumba, mbali sana na nyumba, na mimi ndiye niliyewatulizia majirani kwa kuwaeleza. Nilieleza vizuri. Nadhani nilieleza vizuri kupita kiasi, kwa sababu mikongo ilipotengenezwa mimi niliendelea kuilaumu. Runinga ikikwama mwaka mmoja baadaye, nilikuwa bado nina bahari ya kusingizia. Mke wangu aliwahi kuniuliza, "Baba watoto, huo mkongo unakatika mechi ikianza tu?" Sikumjibu.

Swali lake lilikuwa kipimo kamili, kama ningekuwa na masikio. Mkongo wa bahari ukikatika, kila kitu ndani ya nyumba kinaumwa, hata simu iliyolala juu ya ruta. Simu ya chumbani ilikuwa nzima. Niliipima usiku baada ya usiku, nimeketi kitandani, ruta ikiwa juu ya kichwa changu: 37, 38, mara 39. Nilizionyesha namba hizo kwa kila mtu kama ushahidi kwamba intaneti ninayo. Niliipima mahali ninapolala. Runinga haikuwa imelala pale.

Niongeze na dogo la pembeni, maana nimesema nitaungama. Kipindi hicho nilinunua Kariakoo kile kiboksi cha "chaneli zote", nikawa namtumia mtu nisiyemjua pesa kidogo kila mwezi. Nacho kilikwama, na nacho nikakihesabu kwenye madai yangu dhidi ya kampuni ya intaneti. Chaneli za wizi hutoka kwenye kompyuta za watu wasiojulikana, zinazobeba watazamaji wengi kuliko uwezo wao, na usiku wa mechi kubwa zinaanguka zenyewe. Hakuna waya wala kifurushi cha nyumbani kitakachoziponya. Kipimo cha haki ni kufungua huduma halali pembeni. Ikienda vizuri hiyo na kiboksi kikakwama, ugomvi ni wa wenye kiboksi. Nimekitupa. Zaidi ya hapo sina la kujisifia, maana wakati mimi naununua wizi ndipo nilipokuwa namtafuta mwizi.

Nilimpata kwenye ukurasa wa ruta. Kila ruta ina orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na nilipoifungua niliona majina nisiyoyajua, mengine hayakuwa hata majina, ni mistari ya herufi na tarakimu. Damu ikanichemka. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mtu mmoja anayepandisha mafaili mazito anaweza kuwaharibia wote nyumba nzima, jambo ambalo ni kweli, na mtu mwenye kompyuta anayeishi kwangu nje ya familia alikuwa mmoja. Nikajenga kesi nzima kabla ya kuinuka kwenye kiti: amewagawia nywila rafiki zake wa chuo, wanakaa nje ya ukuta usiku wanapakua.

Nilianza kufungia wageni hao. Wa kwanza nilipomfungia, runinga yangu ikakata intaneti. Ilikuwa ndiyo yeye. Alikuwa amejiandikisha kwa jina la kiwanda kilichotengeneza kipande chake cha waifai, si jina lililo kwenye fremu. Nikamfungulia. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama na kufikiri kwamba kama mgeni wa kwanza ametoka sebuleni kwangu, wa pili anaweza kutoka wapi. Sikusimama. Nikamfungia wa pili, nikafungia na simu na kompyuta ya kijana kwa kuwa hizo nilizitambua, na nikabadili nywila ya mipangilio isije ikachezewa.

Jioni yake nilitoka uani. Kijana alikuwa anafua. Wenzake walikuwepo, wengine wanapika, wengine wamekaa kwenye baraza. Aliniamkia, nikaitikia nusu. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba kuna watu wanaoaminiwa halafu wanageuza wema kuwa mradi, na nikamalizia na methali, kikulacho ki nguoni mwako. Alielewa kwamba ni yeye. Akakausha mikono, akaingia chumbani, akatoka na simu na kompyuta. "Mzee, vyangu ni hivi viwili. Angalia anwani zake, linganisha na orodha yako. Kama kuna kingine, nitoe leo."

Sikuangalia. Vitu vilikuwa mbele yangu, mikononi mwake, amevinyoosha. Ulinganifu ule ungechukua dakika chache na ningejua kila kitu jioni ile. Nilimwambia sina haja ya kufundishwa kazi, nikageuka. Katika yote ninayoyaandika hapa, hilo ndilo linalonirudia. Kukosea kwa kutojua nimekosea mara nyingi maishani na sijioni mtu wa ajabu; lakini pale nilikataa kujua, kwa sababu tayari nilikuwa nimesema mbele za watu.

Usiku ule tuliangalia filamu na haikukwama. "Mnaona?" nikawaambia wanangu. Filamu zilikuwa hazikwami tangu mwanzo, lakini hilo nilikwisha lisahau. Wiki hiyo hiyo kukawa na mechi, kiduara kikarudi, nami nikaamua kwamba kijana ameshapata njia ya kupenya. Mwisho wa mwezi alinikabidhi funguo. Alishukuru kwa kukaa vizuri. Chumba alikiacha kimepigwa deki.

Kilichonifumbua macho ni bando la mke wangu. Lilikuwa linaisha kabla ya siku zake, na kila alipolalamika nilimshauri apunguze video. Siku moja alinikalisha. "Hii simu tangu lini inakula bando tukiwa nyumbani? Si kuna waifai?" Nikaichukua kwa uvivu, nikafungua mipangilio ya waifai. Ilikuwa imekataliwa. Chini yake ilikuwepo anwani ya kifaa, tarakimu na herufi 12, na nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeikodolea macho mara nyingi. Ilikuwa ya yule mgeni wa pili.

Simu za siku hizi zinaficha utambulisho wake. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu ikijiunga na waifai hutoa anwani ya kubuni badala ya ile ya kiwandani, ili mwenye simu asifuatiliwe kutoka duka hadi duka. Alama yake ipo wazi kwa anayeijua: tarakimu au herufi ya pili ya anwani huwa 2, 6, A au E. Orodha ya ruta haiwezi kusema hiyo ni simu ya kiwanda gani, kwa hiyo inaiacha bila jina. Mke wangu alikuwa amebadili simu muda si mrefu. Simu mpya ikajiunga kwa anwani isiyo na jina, mumewe akaifungia kama mwizi, nayo ikahamia kwenye bando lake kimya kimya, ikawa inanunua intaneti kwa pesa yake ndani ya nyumba yenye faiba ya megabiti 40. Nilipomweleza, alicheka kidogo kisha akaacha. "Na yule mtoto wa watu?"

Siku iliyofuata nilimtafuta fundi yule yule wa kwanza. Alikuja bila neno la "nilikwambia", heshima ambayo sikuistahili. Hakugusa chochote mwanzoni. Alitembea tu na simu yake. Chumbani karibu na ruta: 38. Kwenye korido, mlango umefungwa: 14. Mbele ya runinga aliacha kipimo kiende kwa muda, nami nikatazama namba ikipanda hadi 11, ikashuka hadi 2, ikapanda 6, ikaganda, ikaendelea. Wastani wake ungetosha kuonyesha mpira. Mhasibu anajua wastani unavyoweza kuficha mwezi ambao hapakuwa na mshahara; akiba ya mechi ni ya sekunde chache, na zile sekunde za 2 ndizo zilizokuwa zinaimaliza.

Kati ya ruta na runinga kulikuwa na kabati la chuma, kuta mbili za tofali za saruji, nguzo yenye nondo, na jiko lenye friji na maikrowevu. Runinga ilikuwa inatumia masafa ya gigahezi 2.4, yanayopenya kuta vizuri zaidi lakini ndiyo yanayotumiwa na karibu kila ruta ya mtaani. Ndani yake chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na kwetu majirani wote wanazigombania, zaidi ikifika saa mbili usiku watu wamerudi makwao. Maikrowevu nayo hufanya kazi karibu na masafa hayo hayo, na kwetu wageni wa mpira hupashiwa sambusa. Gigahezi 5 ina nafasi na kasi, ila kuta huichosha haraka. Fundi aliijaribu, ikawa inashika na kuachia. Kipande kisichofika hutumwa tena, na kikipotea tena hutumwa tena, wakati akiba inaendelea kuliwa.

"Sasa mzee, nitoboe?"

Alitoboa. Waya wa mtandao ukapita nyuma ya mlango, ukafuata kona ya dari ya korido ndani ya mfereji mwembamba wa plastiki mweupe, ukaingia nyuma ya runinga. Tundu lenyewe halipiti unene wa kidole na rangi haikubanduka popote. Jambo moja lilinishangaza: runinga nyingi, na yangu mojawapo, zina tundu la waya lisilozidi megabiti 100 kwa sekunde, kiasi kwamba mwenye kifurushi kikubwa sana anaweza kupata namba kubwa zaidi kwa waifai ya karibu kuliko kwa waya. Namba hiyo kubwa haimsaidii mpira. Kwa waya namba ya sebuleni kwetu ilisimama pale pale, haikupanda wala kushuka. Kwenye YouTube kuna jedwali lililofichwa ndani ya mipangilio ya video, linaloonyesha ni sekunde ngapi zimewekwa akiba. Fundi alilifungua, nikaona sekunde zinaongezeka na kubaki. Mwezi uliofuata nilirudi kwenye megabiti 20. Mechi zinapita. Banda umiza bado linashangilia kabla yetu, na litaendelea.

Ruta yenyewe ilikuwa na ukurasa wa matumizi ambao sikuwahi kuufungua, kwa sababu orodha ya majina ilinipa nilichokuwa natafuta. Nilipoufungua mlaji mkubwa alikuwa runinga yangu, mbali na wengine wote. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba saa moja ya picha ya HD hula hadi gigabaiti 3, na ya 4K hadi gigabaiti 7. Kijana wa chuo na makala zake za kusoma alikuwa chini kabisa kwenye safu ile, pungufu hata ya mwanangu wa mwisho na katuni zake.

Nilimpigia. Simu ilipopokewa nilinyamaza kidogo kwa mazoea ya mkubwa anayesubiri kuamkiwa, na akaniamkia, "Shikamoo mzee," kama vile hakukutokea kitu. Nikamwambia nilimkosea. Nilitaja kosa kwa jina lake: nilikuita mwizi, hukuiba, ulinipa ushahidi nikakataa kuuangalia. Nilimrudishia mchango wa mwezi ule niliomfungia, na gharama ya kuhama nikamwomba anitajie. Hakunitajia. Alisema yameisha. Nilimwambia chumba hakijapata mtu, kama anapenda. Akasema alipo sasa ni karibu na chuo. Inawezekana ni karibu.

Kwa kuwa tuhuma niliitoa uani, nako nilirudi uani, Jumapili watu wapo, nikawaambia walionisikia siku ile kwamba nilisema uongo bila kujua na kwamba ningeweza kujua. Mama mmoja mpangaji alisema, "Sisi tulijua, baba." Nilimuuliza mbona hawakuniambia. Akasema, "Ungesikia?"

Imebaki kazi ya simu. Dada wa Morogoro, shemeji wa Kigamboni, na ndugu wengine wote niliowaambia muongeze kifurushi: simameni mbele ya runinga, si karibu na ruta, mpime hapo hapo usiku wa mechi. Kama namba ya chumbani ni nzima na ya sebuleni inarukaruka, rudini kwenye kifurushi chenu cha zamani na mvute waya. Gharama ya waya na fundi nileteeni mimi.